Shemeji wa Ghorofa ya Tatu

Wifi yangu hajaolewa. Simsengenyi, anasema mwenyewe, tena kwa sauti: "Sijaolewa na sijafa." Lakini pale hotelini anakofanya kazi walishamwoza zamani. Wamemwoza mashine. Ni mashine ya kufyonza vumbi, ya chuma kitupu, rangi ya kijani iliyobanduka, tumbo kama sufuria kubwa la kupikia watu hamsini, magurudumu matatu na bomba la kitambaa kigumu. Wifi ana miaka thelathini na moja pale, na aliikuta. Wanaiita Shemeji. Mlinzi wa getini akimwona anaingia asubuhi humuuliza, "Shemeji kaamkaje?" naye hujibu, "Kaamka na njaa." Basi na sisi nyumbani tukazoea kuiita hivyo, hata mume wangu, ambaye ndiye mdogo wake wa tumbo moja na ndiye angepaswa kudai mahari.

Jumatatu moja mchana wifi akaingia uani kwangu amembeba Shemeji begani. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, kwenye meza ya chumba cha mbele, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula, na nanyoosha nguo kwa pasi ya mkaa kwa sababu umeme wa mtaani kwetu una tabia zake. Wiki hiyo nilikuwa na sare sita nyeupe za wauguzi. Nikaona kile chuma chenye vumbi kinatua karibu na vitambaa vyangu, roho ikanipaa.

"Kafa?" nikauliza.

"Nani kasema? Kazimia tu." Akafuta jasho, akatoa karatasi kifuani. "Hebu soma wewe, miwani nimeiacha."

Ilikuwa fomu ya hotelini. Imeandikwa: mimi niliyetajwa hapo juu, mwenye dhamana ya kifaa hiki, nathibitisha kwamba kimechakaa na hakiwezi kutengenezwa tena. Chini mstari wa sahihi.

"Sasa si utie tu sahihi, wifi?"

"Ng'o!"

Akanieleza. Meneja mpya, kijana wa viatu vyenye ncha, alikuja mwanzo wa mwaka na mashine nne za plastiki, nyepesi, zenye taa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mbili zilishakufa, zimelazwa stoo zimefunikwa shuka, na hizo hakuna aliyeziandikia fomu. Wasafishaji wenzake wote walishahamishiwa kampuni ya nje, vibarua wa mwezi kwa mwezi. Amebaki yeye peke yake, kwa sababu kwenye vitabu vya hoteli nafasi yake imeandikwa "mwendesha mashine". Mashine ikifutwa, na nafasi inafutwa. Na mashine haifutwi mpaka mwenye dhamana aseme kwa mkono wake mwenyewe kwamba haitengenezeki.

"Meneja kaniambia, 'Bibi, hiyo ni karatasi tu.' Nikamwambia, bibi yako yuko kwenu, na mimi sitii sahihi uongo. Basi kaniambia, Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya mtunza stoo, itembee korido yote ya ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Ikizima njiani, natia sahihi hapo hapo."

"Na ukitia?"

"Nitakuja kukaa hapa na wewe kutwa nzima, nikuangalie unavyoshona."

Hapo nikajua mambo ni mazito.

Lakini sitajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimshauri asaini. Nikamwambia miaka thelathini na moja ni mingi, mgongo wenyewe huo, magoti yenyewe hayo, si apumzike? Alinigeukia kwa jicho ambalo mume wangu pia analo, ila yeye hulificha.

"Mgongo ni wangu. Siku nikichoka nitasema nimechoka, mdomo ninao. Sitaki kuandikiwa uchovu na mtoto ambaye hata soksi zangu zimemzidi umri."

Nikasogeza sare za watu.

Jumanne baada ya zamu yake akamfungua Shemeji juu ya meza yangu. Fundi wa zamani wa hoteli, marehemu sasa, alikuwa akimshikisha tochi kila akitengeneza, na mtu aliyeshika tochi miaka tisa hawezi kuondoka mtupu. Akanionyesha mota. Kuna kichwa cha shaba kinachozunguka, na kila upande kuna kipande cheusi cha kaboni kinachosukumwa na springi ili kiguse shaba muda wote, umeme upite. Kinalika polepole kama chaki ubaoni. Vya Shemeji vilikuwa vimebaki vidogo kama ukucha, springi imeanza kukwaruza shaba, ndiyo maana alikuwa akitema cheche mpaka akazima.

"Si ukanunue vingine," nikasema.

"Wapi? Kiwanda chake kilifungwa mume wako bado anatambaa."

Akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akarudi na kaboni mbili kuukuu za grainda kubwa, zile mashine za kukatia chuma. Yule fundi alimcheka. Alimwambia, "Mama, hizi ni nene mara mbili ya unazotaka." Wifi akamjibu, "Na wewe ulikuwa mnene, mkeo kakupunguza." Akapewa, pamoja na tupa ya kuazima.

Alikata mikia ya nyaya iliyoning'inia kwenye kaboni, akaanza kusugua. Tupa kwanza, kisha msasa mnene, kisha msasa laini. Kila baada ya kusugua kidogo anaingiza kaboni kwenye nyumba yake kwenye mota, anaitoa, anaitazama dirishani. Ikibana haitashuka jinsi inavyolika, ikilegea itacheza na kupiga cheche, kwa hiyo inatakiwa ipite kama droo nzuri ya kabati. Zilipokubali kupita, akakizungushia kile kichwa cha shaba msasa laini, akazishindilia kaboni juu yake na kukizungusha kwa vidole, taratibu, ili ncha zake zichimbike duara sawa na shaba. Kazi hiyo peke yake ilimchukua saa moja na nusu. Mikono ikawa myeusi mpaka kiwikoni, na unga mweusi ukatanda juu ya gazeti, sentimita chache tu kutoka kwenye sare za wauguzi.

"Wifi, chembe moja ikigusa kitambaa hiki nitakushitaki."

"Nishitaki. Mwambie na hakimu alete zulia lake."

Mume wangu alikuja, akatuangalia, akaenda kunywa maji nje. Mwanaume anayekaa kati ya mke wake na dada yake huwa na kiu sana.

Jumatano mchana kaboni zikawa tayari. Akaziweka pembeni kwenye gazeti, mbili, zimelala kama pacha, akatoka kwenda kutafuta mpira wa ndani wa baiskeli wa kuzibia bomba lililopasuka.

Sasa sikilizeni. Watu wa pasi ya mkaa tuna ugonjwa wetu. Pasi ikitikisika, vipande vya mkaa huruka vikaanguka juu ya nguo, na kipande kimoja kwenye nguo nyeupe ni kilio. Miaka kumi na minane mkono wangu umejifunza kutosubiri kichwa: ukiona cheusi mezani, kiondoe. Nilitoka jikoni na pasi imejaa moto, nikaona pembeni mwa meza vipande viwili vyeusi. Nikaitukana pasi. Nikavikusanya kwa kiganja, nikavitupa kwenye jiko la mkaa lililokuwa linawaka mlangoni. Halafu nikalichukua na lile gazeti, nikalikung'uta nje, nikalikunja, nikakaa kupepea moto.

Wifi akarudi na mpira mkononi.

"Kaboni zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa juu ya gazeti."

Gazeti lilikuwa mkononi mwangu. Nikaacha kupepea.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilitegemea anipigie kelele, nami ningejibu, tungemaliza. Hakupiga. Alikaa kizingitini, mpira wa baiskeli mapajani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Wifi, nimebakiza kesho tu." Halafu akasema, "Mimi naogopa kukaa bure. Sijui kukaa bure." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Mume wangu akatokea. Akaelezwa. Akakohoa, akasema, "Dada, pengine ni mipango ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu," akasema wifi. "Ni mkeo."

Nikaona heri nifanye lolote. Kaboni nyingine fundi wa kuchomelea hana, mbili zile ndizo alizokuwa nazo. Nikachota maji kwenye ndoo nije nizime jiko, angalau nione kilichobaki. Wifi akaruka kama aliyeng'atwa.

"Weee! Usimwage! Ukiimwagia maji ingali nyekundu itapasuka!" Akasimama juu ya jiko. "Yule fundi wangu aliniambia hivi vitu kiwandani huokwa kwenye moto mkali kuliko huu. Sasa tutajua kama alikuwa mkweli au alikuwa ananifurahisha nimshikie tochi."

Akalishika jiko kwa matambara, akalipindua uani kwenye sakafu ya saruji. Makaa yakatawanyika, yote mekundu, yote sawa machoni mwangu. Akachukua koleo, akawa anagonga kimoja kimoja. Mkaa wa mti ukigongwa unavunjika. Tukagonga, vikavunjika. Tukagonga tena. Mume wangu naye akachuchumaa, anapuliza majivu. Mwishowe koleo likagonga kitu kikalia kama kigae, kina pembe nne. Cha pili kilikuwa karibu na mguu wangu.

Hatukuvigusa mpaka vilipopoa vyenyewe. Kimoja kilikuwa kizima, kimekwaruzika kidogo tu. Cha pili moto ulikula kona, lakini kona ya nyuma, upande wa springi. Ule upande uliochongwa duara, upande wa kugusa shaba, ulikuwa mzima. Wifi akakisugua kwenye saruji, kikachora mstari mweusi mnyoofu.

Akacheka! Mtu aliyekuwa analia rohoni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Zimeingia motoni zikatoka," akasema. "Meneja atazifanya nini?"

Nikaona lazima nami niweke mkono wangu. Mfuko wa vumbi wa Shemeji ulikuwa umechakaa, unavuja kwenye mishono. Niliuweka juu ya kitambaa cha godoro, kile kizito cha mistari, nikakata mara mbili, nikashona mishono miwili miwili, shingo nikaitia mpira. Wauguzi walingoja, wana subira, ndiyo kazi yao. Wifi akaziba bomba, akapaka grisi kwenye beringi, akafunga kaboni na kukaza skrubu. Tukamchomeka Shemeji ukutani. Kimya. Nikajua ni zile kaboni, mpaka mume wangu akawasha taa nayo ikakataa. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na haukurudi jioni ile.

Kwa hiyo Alhamisi tulikwenda bila kujua. Mimi nilibeba bomba na waya, wifi akamsukuma Shemeji kwenye magurudumu yake.

"Loo, Shemeji katoka hospitali?" mlinzi akauliza.

"Kapewa ruhusa," akajibu wifi, na sikuona hata unywele wake ukitikisika.

Ghorofa ya tatu Meneja alikuwa anatusubiri, saa mkononi anaitazama. Mtunza stoo, mzee mpole mwenye faili kwapani, alisimama nyuma yake akitamani kuwa kwingine. Zulia lilikuwa jekundu, na Meneja akatuambia kwa furaha kwamba limeshapitiwa asubuhi hiyo hiyo na mashine zenye taa, kwa hiyo hatutapata shida.

Wifi akachomeka waya, akakanyaga swichi ya mguu.

Shemeji akanguruma. Mungu wangu, alinguruma kama mtu anayesafisha koo baada ya mwezi wa mafua. Na papo hapo, kwenye matundu ya nyuma, cheche za buluu zikaanza kuruka, na harufu ya kuungua.

"Mnaona?" Meneja akapaza sauti. "Zima! Utatuunguzia hoteli!"

"Kaboni mpya lazima zizoee!" wifi akamjibu bila kusimama, ameshapita mlango wa pili. "Hata kiatu chako hicho siku ya kwanza kilikuuma!"

Meneja akaelekea kwenye soketi. Nilimwona, na wifi hangeweza kuwa mahali pawili. Nikatangulia mimi, nikaliweka hili umbo langu mbele ya ukuta. Mimi ni mwanamke mpana, nimesemwa sana kwa upana huu, na siku ile nilishukuru kila kilo.

"Na wewe ni nani?"

"Mke wa mdogo wake. Shemeji akiugua, ndugu ndio tunaosimama."

"Nitaita mlinzi."

"Mwite. Na yeye ni ndugu."

Mtunza stoo akajikuna shingo, akatazama dari. Mlango wa nne cheche zilikuwa bado. Nilizihesabu, kwa sababu nilijua kitu ambacho Meneja hakukijua: moja ya zile kaboni ilikuwa imeliwa kona, na aliyeilisha moto ni mimi. Mlango wa tano zikapungua. Mlango wa sita zikabaki nyota mbili tatu. Mlango wa saba sauti ikabadilika, ule ukali wa koo ukaisha, ukaja mngurumo mmoja mzito, wa mtu aliyeshiba. Mlango wa tisa kiraka cha baiskeli kikaanza kupiga mluzi, wifi akakibana kwapani akaendelea kutembea, mkono mmoja wa kuvuta, mwingine wa kubana. Kumi. Kumi na moja. Mlango wa kumi na mbili akagusa ukuta wa mwisho kwa bomba.

Na hakuzima! Akageuza, akarudi nalo zulia lote, mlango kwa mlango, mpaka miguuni pa Meneja, ikabidi yule bwana anyanyue viatu vyake kimoja kimoja apishe.

Hapo ndipo wifi alipokanyaga swichi, akazima. Wifi akafungua tumbo la Shemeji, akatoa mfuko wangu wa mistari, akamwomba mtunza stoo faili lake, akalilaza sakafuni na kumimina juu yake. Vumbi la kijivu, nywele, mchanga, kifungo kimoja. Rundo la kujaza bakuli.

"Zulia hili si limeshasafishwa leo?" akauliza.

Mtunza stoo akasema taratibu, "Limeshasafishwa, mama," akakohoa kwenye ngumi.

"Sasa nipeni fomu yangu."

Aliitandaza ukutani. Mimi nilimshikia, kwa hiyo niliona kila herufi. Kalamu ikapita juu ya maneno yote ya Meneja, mstari mmoja mnene, mweusi kama vidole vyake. Chini yake akaandika: Inafanya kazi. Na mimi nafanya kazi. Akatia sahihi, tarehe, akaweka na saa.

"Fomu hii haina nafasi ya maelezo kama hayo," akasema Meneja.

"Sasa inayo."

Mtunza stoo aliichukua, akapuliza vumbi, akaiweka gotini, akatoa muhuri mfukoni na kuugonga juu ya fomu. Labda alifanya hivyo kwa haki, labda alichoka kusimama. Sikumuuliza. Meneja akaisoma fomu mara mbili, akaikunja, na nikamwona anatafuta neno la kuondokea.

"Sawa, Bibi," akasema. "Lakini..."

"Mimi si bibi yako," wifi akamkata. Hakupandisha sauti. Alikuwa anarudisha mfuko kwenye shingo ya Shemeji, anaukaza mpira kwa vidole vyeusi. "Nina jina la kazi, umelikuta kitabuni. Lile ulilotaka kulifuta. Niite kwa hilo."

Nikaondoka mbele ya soketi, maana sikuwa na sababu tena ya kusimama pale.

"Mwendesha mashine," akasema Meneja.

"Naam," akaitika wifi, akakanyaga swichi.